Barua ya wazi kwa Meya, Madiwani na Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: kabla ya mhuri, ulizeni mchoro ulibadilika wapi

Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Mkurugenzi wa Jiji, pamoja na nyote mnaoshika mafaili ya ardhi na mipango miji hapa kwetu, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni afisa mipango miji mstaafu, mkazi wa Ngamiani. Niliingia kwenye kazi hii miaka ya 1980 nikitokea Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, nikahamishwa huku na kule kama ilivyo kawaida ya utumishi. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye mikutano ya mitaa, chini ya miembe na ndani ya madarasa ya shule za msingi, ramani ikiwa imebandikwa ubaoni. Nawaandikia kuomba jambo moja. Mchoro wowote wa mipango miji utakaoletwa mbele ya Kamati yenu ya Mipango Miji na Mazingira, msiupitishe mpaka aliyeuleta awaonyeshe ulibadilika wapi baada ya wananchi kuuona. Kama haukubadilika popote, urudisheni mtaani.

Ombi hili lina mgongo wa kisheria. Katiba yetu, Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inataka wadau washirikishwe. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapofika kwenye urasimishaji, yaani kuyapanga na kuyatambua kisheria makazi yaliyojengwa bila mpango, inataka iangaliwe, pamoja na mambo mengine, iwapo wakazi wengi wa eneo lenyewe wanauafiki mpango. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuna pia utaratibu wa kupanga maendeleo uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao unaanzia mtaani na kijijini. Kwa hiyo maandishi tunayo ya kutosha. Kinachotuangusha ni wakati ambao mwananchi anaitwa.

Anaitwa mwisho. Mpima kashapima, mchoraji kashachora, viwanja vimeshapewa namba. Mwananchi anakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, anaangalia karatasi ambayo hajui kaskazini yake iko wapi, halafu anaulizwa kama ana swali. Anauliza habari ya fidia, maana ndilo pekee lililobaki la kuuliza. Anajibiwa kwamba suala hilo litashughulikiwa na wahusika. Anasaini mahudhurio, anakunywa soda, anaondoka. Faili likifika mezani kwenu linaonekana limetimia: mkutano ulifanyika, waliohudhuria ni kadhaa, mhuri wa mtaa huu hapa. Ni vigumu sana kwa diwani kugundua, kwa kulisoma faili tu, kwamba hakuna aliyesikilizwa.

Nitatoa mfano, na mji wenyewe sitautaja. Ulikuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili zilizobanana, uani wa huyu unagusa uani wa yule. Mchoro ulioletwa ulikuwa umeifuta njia moja ya miguu nyuma ya msikiti, ukaigawa kwa viwanja viwili vya jirani ili navyo vifikie ukubwa unaokubalika. Ukitazama kwa kanuni za ofisini hapakuwa na kosa, kwa sababu njia ile haikuwa na hadhi ya barabara mahali popote. Akasimama Bi mmoja, mtu mzima, muuza maandazi, akasema, "Wanangu, jeneza litapita wapi?" Hapo ndipo mkutano ulipoanza kweli. Ikajulikana kwamba hiyo ndiyo njia peke yake ambamo watu wanne wanaweza kukata kona na jeneza begani bila kuliinamisha. Kijana mwingine akaongeza kwamba wakati wa masika maji yote ya sehemu ya juu hushukia humo humo kwenda bondeni, na ukiiziba yataingia vyumbani. Yalikuwa maneno ya dakika chache, yenye taarifa ambazo kikosi cha wapimaji kisingezipata kwa mwezi mzima wa kiangazi.

Mchoro ule haukubadilishwa. Ulishapita ngazi mbili, na aliyekuwa na uamuzi aliona kurudi nyuma ni kuchelewesha mradi. Mmoja wa wenye viwanja akajenga ukuta. Masika ilipokuja, maji yakajaa kwa majirani, ukuta ukatobolewa usiku, na kesi ikaanzia Baraza la Kata ikapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilipohama mji ule kesi ilikuwa bado inaendelea. Mradi uliokataa kusubiri wiki mbili ulisubiri miaka.

Waheshimiwa, nisingependa mfikiri nawaletea masikitiko tu. Ninajua kazi hii inavyofanyika ikifanyika vizuri, na ningependa kulieleza hilo kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi wenu mtakuwa hamjapata kuliona kwa macho.

Mnachapisha picha ya anga ya mtaa, kubwa, iwe na upana wa meza mbili. Haichorwi kitu juu yake. Mnaitandika chini, sakafuni, watu waizunguke. Kwa nusu saa ya kwanza usitegemee kazi yoyote: kila mtu anatafuta bati lake. "Hili la kwangu, na huu mwembe wa marehemu Mzee." Waacheni. Mtu akishaliona paa lake hiyo picha inakuwa yake, na kuanzia hapo atakusahihisha bila woga. Atakwambia nyumba hii imeshavunjwa, hapa kuna kisima, hapa pana makaburi ya ukoo ambayo majani yameyafunika. Baada ya hapo mnatoka na kutembea. Mnakwenda na futi kamba na mfuko wa chokaa, mjumbe wa kila shina akiwa mbele kwenye eneo lake. Pale panapobana mnasimama, na majirani wanazungumza wenyewe. Wewe mtaalamu unaeleza vipimo tu: gari la zimamoto linahitaji nafasi gani, mpira wa gari la majitaka unafika umbali gani, nguzo ya umeme ikae wapi. Nimeshuhudia watu waliokuwa hawasalimiani wakikubaliana kila mmoja arudi nyuma nusu mita, chokaa ikamwagwa hapo hapo, na mstari ule ukaheshimiwa kuliko vigingi vya zege vilivyopandwa na ofisi. Kigingi kilichopandwa bila makubaliano hung'olewa usiku kabla zege halijakauka vizuri.

Lipo pia suala la saa ya mkutano, dogo kwa kulisikia lakini lina uzito. Mkutano wa saa nne asubuhi kwa mji kama wetu unaleta wazee wastaafu na madalali. Mama ntilie yupo jikoni, muuza samaki yupo sokoni, mvuvi wa pale Deep Sea kalala baada ya kukesha baharini. Mkiita baada ya Alasiri mnapata mtaa wenyewe. Na mkiita "wenye nyumba", kama barua nyingi za mwito zinavyoandikwa, mmeshawaacha nje watu wanaoishi humo. Hapa Ngamiani nyumba nyingi zinapangishwa chumba kimoja kimoja, na mwenye nyumba huenda anakaa Muheza au Dar es Salaam. Mpangaji ndiye anayejua choo kinafurika lini, taa ya njiani ilizimika tangu lini, na watoto wanachezea wapi baada ya uwanja kuuzwa. Wanawake nao, nimezoea kukutana nao peke yao kwanza kabla ya mkutano wa jumla. Wakishakuwa wamekubaliana wao kwa wao, kwenye mkutano mkubwa sauti zao hazizimwi.

Nchi yetu ina ushahidi wa haya kwa vitendo. Mwaka 1972 serikali iliachana na sera ya kubomoa vitongoji vya watu wa kipato cha chini na kuchagua kuviboresha. Ikaja miradi ya viwanja na huduma ya miaka ya 1970, iliyozaa Sinza na kuiboresha Manzese kule Dar es Salaam, na awamu yake ya pili ikafika mikoani, Tanga ikiwemo. Miradi ile ilileta barabara na maji, na nawaheshimu sana walioifanya, wengine ni walimu wangu. Lakini wananchi walikuwa wapokeaji zaidi kuliko waamuzi, na miundombinu mingi ilipochakaa hakuna aliyejiona kuwa mwenye nayo. Miaka ya 1990 katika Hanna Nassif, Kinondoni, mambo yakafanywa kwa namna nyingine. Wakazi waliokuwa wakisumbuliwa na mafuriko waliunda chama chao cha maendeleo, na kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa wataalamu wa Chuo cha Ardhi na Shirika la Kazi Duniani, wakajenga mitaro na barabara za ndani kwa mikono yao, kwa mikataba na malipo. Vipaumbele walivipanga wenyewe. Wanawake walichimba na kujenga sawa na wanaume na kulipwa sawa na wao. Matatizo hayakukosekana, hasa ya kuisafisha mitaro baada ya wafadhili kuondoka, na sina haja ya kuyaficha. Hata hivyo kizazi chetu cha maofisa kilijifunza pale kwamba mkazi asiyekwenda shule anaweza kukaa meza moja na mhandisi na wakaelewana juu ya mteremko wa mtaro.

Sasa nije Tanga. Mgeni akifika Ngamiani hufurahi kuona barabara zilivyonyooka na kupewa namba, ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na kuendelea, mtu hawezi kupotea. Urithi huo ni mzuri. Lakini sensa ya 2012 ilitukuta karibu watu 273,000, na ya 2022 ikatukuta zaidi ya 390,000. Laki moja na ushee walioongezeka hawakupata nafasi Ngamiani wala Chumbageni. Wako pembezoni, kuelekea Pongwe, Mwahako, Kange, Mabokweni. Na mji bado unasogea. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linakomea hapa kwetu, Chongoleani. Bandari imepanuliwa. Kila mwenye shamba la minazi upande ule ameshapigiwa simu na mtu asiyemjua.

Mnafahamu shamba linavyokatwa. Mwenye shamba anamwita dalali, dalali anamleta mnunuzi, wanahesabu hatua ishirini kwa ishirini, majirani wanashuhudia, karatasi ya mauziano inapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, anagonga mhuri, basi. Baada ya miaka mitatu minazi hakuna, nyumba zimejaa, na barabara ni ile nafasi iliyobaki kati ya msingi na msingi. Ndipo ofisi inakuja na urasimishaji, watu wanachangishwa, nyumba nyingine zinapigwa alama nyekundu, vilio vinaanza. Katika mlolongo wote huo wa kwanza kujua ni mwenyekiti wa mtaa, na wa mwisho kujua ni ofisi ya ardhi. Mngempa mwenyekiti yule na mkutano wake mkuu wa mtaa picha ya anga mapema, wakakaa na wenye mashamba wakati mashamba bado mashamba, wakakubaliana barabara zipite wapi na eneo la shule na zahanati liwe lipi, mwenye shamba angebaki na viwanja vilivyopimwa vyenye bei nzuri kuliko hatua zake ishirini. Nimekaa na wakulima wa minazi juu ya hesabu hiyo. Wanaielewa haraka kuliko tunavyowadhania, kwa sababu ni mali yao.

Wapo watakaosema kushirikisha kunachukua muda na fedha. Ni kweli kunachukua. Mikutano mitatu au minne ya mtaa, uchapishaji wa picha kubwa, posho ya watu wa kutembea na futi kamba. Wekeni gharama hiyo pembeni ya gharama ya mchoro uliokamilika ukakaa kabatini kwa sababu hauendani na kilichopo chini, kisha ukachorwa upya. Wengine watasema mikutano hutekwa na wenye sauti kubwa, na kwamba wapo viongozi wa mitaa waliouza maeneo ya wazi kwa mihuri yao wenyewe. Hilo nalo ni kweli, na linaniuma kuliko yote, kwa maana nimeona uwanja wa watoto ukigeuka ghala. Lakini uwanja ule uliuzwa kwa sababu ramani ilikuwa kwa watu wawili tu. Nakala ya mchoro ingekuwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, ikiwa na rangi na maandishi ya Kiswahili, vijana wa timu ya mtaa wangeuliza swali siku tofali la kwanza liliposhushwa.

Kuna ugumu mwingine ambao mwananchi hakuusababisha. Tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ianzishwe mwaka 2017, barabara nyingi za mitaa na mitaro yake ziko huko. Maji na majitaka yako Tanga UWASA. Nguzo ziko TANESCO. Mpango wa eneo uko kwenu Jijini. Kila taasisi ina bajeti yake na ratiba yake, na ndiyo maana barabara inawekwa lami kisha inachimbwa kupitisha bomba. Wakazi wanapokaa kikao cha mpango wa mtaa, wote hawa wawepo siku hiyo hiyo, na asiwakilishwe mtu na barua. Mtaro unaopangwa bila TARURA kuwepo utaishia kwenye karatasi.

Na hapa niseme jambo la kuwapa moyo. Mwaka 2024 Tanga UWASA walitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa umma kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua huduma ya maji, umma ukaalikwa kununua, na fedha zilizopatikana zikavuka lengo. Wengine walidhani haiwezekani kwa mamlaka ya maji ya mkoani. Mji uliothubutu kuwaambia watu "tukopesheni tujenge" unaweza pia kuwaambia "njooni tupange".

Ninachoomba hasa ni hiki. Kila faili la mchoro liwe na ukurasa unaoeleza, kwa Kiswahili chepesi, mapendekezo ya wakazi yalikuwa yapi, lipi lilikubaliwa, lipi lilikataliwa na kwa sababu gani, na ukurasa huo usainiwe na kamati ya mtaa yenye wanawake na wapangaji ndani yake. Mchoro ubandikwe ofisi ya mtaa siku zisizopungua thelathini kabla haujafika kwenye kamati yenu, na baada ya kupitishwa nakala ibaki pale pale daima. Bajeti ya mwaka wa fedha unaokuja iwe na kifungu cha mikutano ya mipango ya mitaa, kifungu chenye jina lake, kisifichwe ndani ya "gharama za uendeshaji" ambako ndiko kitakakokatwa kwanza. Na ninyi Waheshimiwa Madiwani, mkiwa kwenye kamati, mmoja wenu aulize kila mara: mchoro huu ulibadilika wapi? Afisa kijana akijua swali hilo linamsubiri, atakwenda mtaani mapema bila kusukumwa.

Mtaa wa kuanzia nawaachia ninyi mchague. Ningeshauri uwe mmoja wa pembezoni ambako minazi bado imesimama, maana huko bado hatujachelewa. Mkishachagua, nitumieni ujumbe kupitia kwa mtendaji wa mtaa wetu. Sihitaji posho. Nitakuja na futi kamba yangu, na maofisa vijana mtakaowateua nitatembea nao mpaka mstari wa mwisho wa chokaa.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Afisa Mipango Miji mstaafu,
Ngamiani, Tanga.